Alama ya Vema

Shemeji yangu, mume wa dada, si mtu wa porojo, ndiyo maana kisa chake kinaninyima raha.

Yeye ni mkaguzi wa mabehewa ya mizigo. Hugonga kila gurudumu kwa nyundo: likilia kama kengele ni zima, likikoroma lina ufa. Behewa zima hulichora ubavuni alama ya vema kwa chaki, maana yake liko tayari kusafiri.

Mchana mmoja alitumwa kukagua behewa kuukuu la mbao, ambalo mlango wake hufungwa kwa komeo la nje tu. Aligonga gurudumu la kwanza. Ndani, mtu akagonga sakafu. Akagonga la pili, akajibiwa tena.

Wezi wa vyuma hawa, akawaza, mwenzao kawafungia ndani.

"Nimeshawasikia! Nafungua, mtoke!"

Akafungua komeo, akausukuma mlango, akaingia. Ndani mlikuwa na kiza, lakini kwa mwanga wa mlangoni aliona hapakuwa na hata gunia. Ndipo kitu kikamgonga uti wa mgongo, taratibu, kama mtu anayesikiliza mlio.

Alichomoka mbio, akawatukana wenzake kwa utani huo wa kijinga. Wakaapa kwamba hakuna aliyesogea huko.

Jioni, nyumbani kwao, nilikokuwa nimewatembelea, alivua ovaroli, kisha shati.

"Baba watoto," dada akamuuliza, "nani kakuchora?"

"Kunichora wapi?"

Dada akaniita nikaone. Kwenye ovaroli hapakuwa na chembe ya chaki, wala kwenye shati. Alama ya vema ilikuwa mgongoni, kwenye ngozi yenyewe.