Kugeuka Mara Mbili

Siku ile garimoshi la Ponthierville lilichelewa, na watu wote walioshuka wakamwagika bichi, gatini kando ya mto, kwa mara moja, na magunia yao, na mikungu ya ndizi, na kuku waliofungwa miguu. Kivuko kilikuwa bado ng'ambo ya pili ya mto. Basi watu wakasukumana, wakatukanana, na katikati ya matusi hayo Nyota alikaa mbele ya sufuria yake akigeuza mikate ndani ya mafuta. Alivaa kikwembe cha manjano chenye maua ya bluu, na kitambaa cha rangi ile ile kichwani. Uso wake ulimetameta kwa joto la moto.

Mpagazi mmoja mnene wa shingo akachukua mikate kwenye sinia, akaitafuna huku akimwangalia machoni.

"Lipa," Nyota alisema.

"Nitakulipa kwako nyumbani, mlango ukifungwa."

Akamshika kikwembe, akavuta. Ndipo kijana mmoja alipotokea kati ya magunia, kaptura ya kaki, shati jeupe la koleji, daftari chini ya kwapa. Alipiga ngumi moja tu. Mpagazi akaanguka chali, na jino lake likatua ndani ya sinia, kati ya mikate.

Nyota aliliangalia jino, akamwangalia kijana.

"Sasa sinia hii nitamuuzishia nani?"

"Uniuzishie mimi. Yote."

"Pamoja na jino?"

"Jino iko matabisi, nyongeza ya bure."

Nyota akacheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo walivyojuana. Kijana aliitwa Hilaire, alikaa na mjomba wake, tonton Faustin, mtu wa reli, ng'ambo hii ya kushoto, na kila asubuhi alivuka mto kwenda koleji, mwaka wa kwanza. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa. Kabla ya kusoma alikuwa amebeba mizigo na kupigana ngumi za mchezo kwenye kiwanja, na pua yake ilikuwa imepinda kidogo kwa sababu hiyo.

Tangu siku ile, kila akirudi shule alikaa juu ya sanduku karibu na moto wa Nyota.

"Vidole yako imefanya nini?" Nyota alimuuliza siku moja. Vilikuwa vimevimba kama viazi.

"Rula ya mwalimu. Juu ya alijebra."

"Alijebra ni mutu gani huyo, anakupiga kila siku?"

"Haiko mutu, chérie. Ni hesabu. Banatia herufi pahali pa namba." Akachukua kaa, akachora kistari kwenye ubao wa sanduku. "Angalia. Hii ni moins, ile ya kutoa. Mwalimu anasema moins mara moins inazaa plus, ile ya kujumlisha."

"Na wewe unasema nini?"

"Ninasema hapana. Ubaya mara ubaya haiwezi kuzaa uzuri. Mimi nilipigana tangu utoto. Nilipiga, bakarudisha, nikarudisha tena. Sijaona plus hata moja."

"Sema tu ndiyo, bwana Alijebra, vidole ipone."

"Siwezi kusema ndiyo kwa kitu sikioni."

"Kichwa yako ni jiwe, moyo yangu." Nyota akamtia mkate wa moto kinywani ili anyamaze.

Lakini kuna jambo Nyota hakulijua. Habari ya jino ilikuwa imevuka mto kabla ya Hilaire mwenyewe. Mkuu wa koleji alimwita, akamwambia: mkono wako ukimgusa mtu tena, hata kama ni yeye aliyeanza, unabeba sanduku lako. Hilaire angemwambia nini Nyota? Kwamba jino lile walilolicheka pamoja lilikuwa sasa kamba shingoni mwake? Aliona afadhali aibebe peke yake.

Jino lilimfikia pia Daudi, kaka ya Nyota, kapita, msimamizi wa wapagazi wa bichi. Tangu baba yao afe, Daudi ndiye mkubwa wa nyumba, na alikuwa amekwisha kutoa neno la kumwoza Nyota kwa Hemedi, mwenye kamyo, lori la njia ya Bafwasende.

Ijumaa moja, baada ya sala, Daudi alishuka bichi na kanzu yake nyeupe. Aliwakuta wanacheka. Hakuuliza. Alimpiga Nyota kofi, dada yake akaanguka kwa magoti kwenye mchanga. Hilaire akaingia katikati. Akaweka mikono nyuma, mkono mmoja ukishika mwingine.

Daudi akampiga sikioni. Akampiga kinywani. Akampiga mbavuni, na sauti ya pigo ilikuwa kama ya mtu anayepiga gunia la chumvi.

"Rudisha," Nyota alisema polepole. "Hilaire, rudisha."

Hakurudisha. Shati jeupe likawa jekundu mpaka kwenye mshipi. Daudi alipochoka, alipangusa mkono wake kwenye shati hilo hilo, akaenda. Wauza samaki waliokaa kando wakapiga makofi. "Kumbe iko ngoma. Inapigwa tu."

"Siku ya kwanza ulikuwa mwanaume," Nyota alimwambia. Machozi yalimchoma kuliko kofi. "Leo uko nini?"

"Chérie, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Mayele na ujanja ya kitabu?"

Akamgeuzia mgongo. Hilaire alisimama akiuangalia mgongo ule, maua ya bluu, fundo la kitambaa, mpaka kivuko kikapiga honi.

Tangu hapo akawa anapita bila kusimama. Nyota alikaanga mikate bila kuinua uso. Lakini jicho lake lilimfuata kwa pembeni, lilivyozoea, na liliona vidole bado vimevimba, na hasira yake ikachanganyika na kitu kingine ambacho hakutaka kukipa jina.

Asubuhi ya mtihani wa alijebra, Daudi na wapagazi wawili walisimama mbele ya ubao wa kupandia kivuko.

"Haraka ya nini, papa mwalimu?"

"Kaka Daudi, uniache nipite. Leo niko na mtihani."

"Ninajua. Mupwa wa Hemedi anasoma kule kwenu, amenieleza yote. Tangu ile jino ya mutu yangu, ukipiga mutu mara moja tu, banakufukuza." Akampiga puani. Damu ikaruka. "Basi piga."

Hilaire akashika mikono yake nyuma.

"Piga, mbwa." Akampiga tena.

Nyota alikuwa ameinama juu ya moto. Ile jino. Jino lake yeye, la sinia yake. Akakumbuka mikono ile nyuma ya mgongo, mkono ukishika mwenziwe kama askari anavyoshika mfungwa. Akasimama, akachota mafuta yanayochemka kwa upawa.

"Daudi, toka."

"Rudi kwa moto yako, mutoto."

"Kaka, ninakuomba. Toka."

Daudi akainua ngumi. Nyota akamwagia mafuta juu ya mguu.

Daudi akaanguka akimwita mama yao aliyekufa, na harufu ya nyama ikapanda mahali pa harufu ya mikate. Mpagazi mmoja akapindua sufuria kwa teke, mwingine akampiga Nyota mdomoni. Ngumi za Hilaire zikafunguka kutoka nyuma, zikaja mbele.

"Panda!" Nyota alimgeukia, damu kwenye meno. Tangu Ijumaa ile Hilaire hakuwa ameuona uso wake. "Panda, bwana yangu. Usinirudie sasa."

Wauza samaki, wale wale, wakawaingilia wapagazi kwa mabeseni na visu vya magamba. Hilaire akapanda. Kivuko kikaondoka, na Nyota akabaki amesimama akimtazama, uso wake ukazidi kuwa mdogo, lakini haukugeuka.

Mbele ya ubao mweusi, mwalimu aliiangalia pua ile, rula mkononi.

"Moins mara moins. Eleza."

Hilaire hakushika chaki. Kwa Kifaransa chake cha kuvunjika alisema: "Sasa ninaangalia mlango. Moins, ninageuka, ninaupa mgongo." Akageuka. "Moins tena." Akageuka tena, na mlango ulikuwa mbele yake, na ndani ya mlango, mto. "Moins haiko ubaya, bwana. Ni kugeuka. Ukigeuka mara mbili, unaangalia pale pale."

Mwalimu akaweka rula mezani.

"Umepita. Nenda ukapanguse pua."

Jua lilikuwa bado juu alipovuka kurudi. Nyota alikuwa amekaa juu ya sanduku, sufuria iliyobonyea miguuni, mdomo umepasuka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Ninataka kukuoa," Hilaire alisema. "Kesho tonton ataenda kuona ndugu yako."

"Ndugu gani? Yule nimemuchoma?" Nyota akauangalia mkono wake. "Mafuta ile, katika alijebra yako inaitwa nini?"

Hilaire alitaka kusema uongo. Hakuweza.

"Ile ni kujumlisha tu. Moins na moins, inakuwa moins kubwa zaidi."

"Nilijua." Akapangusa mdomo kwa pindo la kikwembe. "Basi twende kwake sisi kwanza, mbele ya tonton."

Daudi alikuwa amelazwa kwenye dispansari, mguu umefungwa bandeji mpaka kwenye goti. Alipowaona mlangoni, akageukia ukuta.

"Kaka," Nyota alisema.

Hilaire akamgusa mkono ili watoke.

"Ngoja," Nyota alisema. "Amegeuka mara moja tu."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakitandika sakafuni karibu na kitanda, akakaa.