Mpini Uliotiwa Chuma

Kila akitoka shuleni, Kasuku alipitia karakana ya mama yake, kando ya uwanja wa gofu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya maneno yake mengi, lakini tangu dada yake aende mbali kusomea mchezo huo, hata maneno yalimpungua. Mama alikuwa fundi wa fimbo za gofu. Kasuku alifagia, kisha akaiteremsha fimbo ya dada ukutani na kuipangusa, huku akimkumbuka mwenye fimbo mpaka moyo unamuuma.

Jioni moja dada alituma video ya mwendo wa polepole. Lo! Fimbo iliposhuka, mpini wake ulipinda kama ufito. Kasuku akaona hatari tupu: hata ile ya ukutani ingemvunjikia dada mkononi. Hakumuuliza mtu. Mama alipokwenda sokoni, alipitisha chuma chembamba kwenye tundu la kishikio hadi ndani ya mpini, akamimina gundi. Kesho yake mpini ulikuwa mgumu kama nguzo, naye akajiona fundi kweli kweli.

Haukupita muda, dada akapiga simu. Atakuja Jumamosi, kwa siku moja tu, wacheze wote wawili. Akasema ameikumbuka sana fimbo yake, maana hajapata mpini unaopinda vizuri kama ule. Kasuku alinywea. Akisema ukweli, dada atakasirika, pengine asije. Basi akafunga mdomo, yeye wa kuitwa Kasuku.

Jumamosi dada alifika, wakakumbatiana mpaka mama akawatania kwamba wamegandana. Dada akaitwaa fimbo, akatoka nje, akaiinua.

"Dada, usipige," Kasuku alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeiharibu. Niliitia chuma isipinde. Nikanyamaza, nikaogopa hutakuja."

Dada aliishusha fimbo polepole. Ilimuuma, na usoni ilionekana.

"Ningekuja tu," alisema. "Unadhani nimesafiri kote huko kufuata fimbo?"

Mama aliipasha moto shingo ya fimbo ili gundi ilegee, akang'oa kichwa, akapachika mpini mwingine wa aina ileile. Huku akifanya kazi akawaeleza kwamba mikono ikishuka kwa kasi, kichwa cha fimbo hubaki nyuma kidogo na mpini hupinda. Kisha hujinyoosha na kukirusha kichwa mbele kwenye mpira. Kupinda kule si ubovu. Lakini gundi mpya isingekauka hadi kesho yake, fimbo nyingine za karakana zilikuwa za wateja, na dada alikuwa anaondoka alasiri.

Walimsindikiza hadi kituoni. Basi lilipopotea, Kasuku aliendelea kuitazama barabara.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," mama alimwambia taratibu, akimshika bega. "Na kosa lisemwe mapema. Ungeniambia siku ile alipopiga simu, ningeshaitengeneza, na leo mngecheza."

Kasuku aliitikia kwa kichwa. Jumamosi nyingine ya dada ilikuwa mbali sana.