Andika Ametoka

Jina la mgodi usiniulize, wenyewe bado wapo. Ni upande wa Galula, ule mgodi mdogo wenye geti la kadi. Ukishuka shimoni unagusisha kadi, kompyuta inaandika "yuko chini". Ukipanda, inaandika "ametoka". Basi Jumatatu moja saa sita mchana, jua la kiangazi linawaka, geti likalia tii, na mtu hayupo. Ofisini kukanuka udongo mbichi.

Ferista, fundi wa kompyuta, alijua sababu. Alijua vizuri sana!

Wiki tatu nyuma shimo lilimfukia Nsajigwa. Wenzake walimsikia akigonga mwamba, wakawa wanafukua mpaka kucha zinatoka damu. Meneja Efraimu akaogopa wakaguzi wasije wakaufunga mgodi. Akamwinamia Ferista: "Andika ametoka." Naye akaandika! Rabson, msimamizi wa zamu, akaapa alimwona akitoka. Wachimbaji wakaonyeshwa skrini, wakaambiwa hayo mnayoyasikia ni maji tu, wakaweka sururu chini. Nsajigwa aligonga siku mbili. Mkewe, Restuta, akaambiwa mumewe kakimbilia Zambia na mwanamke. Watu wana roho mbaya, jamani.

Jioni ya Jumatatu ile Rabson akakutwa kitandani kwake Mkwajuni, amekufa, kinywa kimejaa tope. Saa sita ya siku hiyo kompyuta ilikuwa imeandika: Rabson, yuko chini.

Kesho yake asubuhi Efraimu akamleta Shehe Twaibu kutoka Tunduma. Shehe alisoma mbele ya kompyuta mpaka jasho likamtoka.

"Jini hili limetumwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa ubani haliondoki. Aliyeandika aende kwa mjane akaseme kweli, leo, kabla ya saa sita. Nani aliandika?"

"Bosi," Ferista akanong'ona.

"Mimi? We binti, si mkono wako huo?"

"Si ulisema wewe!"

Shehe aliwatazama wote wawili, akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Ferista hakwenda kwa Restuta. Alitaka kwanza ajue leo ni zamu ya nani. Sasa, programu ya geti haiandiki kitu yenyewe. Inapeleka ombi kwa keneli, yaani kiini cha kompyuta, nacho ndicho kinachoandika. Ferista akategesha mtego wa kuyafuatilia maombi hayo. Shida ni kwamba ombi halibebi jina. Linabeba namba tu, ya mahali jina lilipowekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama mtu anayekuelekeza nyumba bila kukwambia nani anakaa humo. Lazima uende uchungulie mwenyewe.

Saa sita kamili ombi likaingia. Akachungulia: EFRAIMU.

"Asante Yesu!" akasema, bila aibu. Dirishani alimwona meneja kasimama getini anavuta sigara. Angeweza kumwita. Hakumwita.

Kisha kugonga kukaanza chini ya sakafu ya saruji, ko, ko, ko, polepole kama mtu aliyechoka, na harufu ya udongo ikapanda mpaka ikamkaa kooni, na feni ikasimama, na kwenye skrini ule mstari wa ombi ukabaki umening'inia, umeingia lakini haujaisha, na hapo ndipo Ferista alipokumbuka jambo ambalo kila fundi wa kazi hii anaonywa, kwamba kati ya ombi kuingia na keneli kuandika, aliyewekwa ndani ya nyumba anaweza kubadilishwa, kwa hiyo kuchungulia mara moja hakutoshi, lazima urudi uchungulie tena.

Akachungulia tena: FERISTA.

Akapiga simu.

"Dada Restuta, nisamehe, mumeo hakwenda Zambia! Yuko shimoni. Niliyeandika ametoka ni mimi, mimi mwenyewe!"

"Najua, mdogo wangu," Restuta akajibu taratibu. "Niliambiwa wiki ile ile. Niliyemtuma huyo mgeni wenu ni mimi."

"Basi mwambie aache! Nimeshasema kweli!"

"Nilimwambia yeyote atakayekuja kusema kabla ya saa sita amwache. Wiki tatu nimekaa kibarazani hapa nawangoja, nikisema labda leo watanihurumia. Sasa hivi saa ngapi?"

Ferista akatazama skrini. Saa sita na dakika nne.

"Dada, nakuomba..." akaanza, lakini maneno yakakwama, akawa anatema udongo.

Restuta alisikiliza mpaka kimya kikaingia. Kisha akakata simu, akavuta ungo, akaendelea kupukuchua mahindi. Zamu ya meneja alikuwa ameipanga kesho.