Viazi vya Mzee Eustace na Mtoto wa Jicho

Mzee Eustace wa Izia alikuwa mkulima hodari wa viazi, lakini macho yake yalijaa ukungu. Siku moja ng'ombe wa jirani alilia karibu naye. Mzee akaitikia kwa heshima, "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Mkewe, Luciana, alicheka. Kisha akaingia ndani, akalia kidogo.

Hospitalini daktari alisema, "Ni mtoto wa jicho. Tutakufanyia upasuaji na utaona vizuri, lakini kwanza presha yako ishuke. Meza dawa na punguza chumvi."

Dawa Mzee alimeza kila siku, hapo hatumsingizii. Habari ya chumvi ilimtoka kichwani kabla hajafika nyumbani. Sokoni alisikia mtu akisema kwamba viazi vina wanga, na wanga ndio unaoleta presha. Hakuuliza zaidi.

"Mama Jenifa!" alimtangazia mkewe. "Kuanzia leo, kiazi kisiguse sufuria ya nyumba hii!"

"Na shamba lote lile?"

"Tutauza. Watavila wenye presha nzuri."

Haikupita wiki, hamu ikamzidi. Mfipa aliyekulia viazi vya kuchemsha atavisahauje? Basi Mzee akajitungia elimu yake: mafuta ya moto yanaua wanga, na chumvi inaumalizia. Asubuhi akawa anamuuzia viazi Lukmani, muuza chipsi wa Majengo. Mchana anakwenda kuvila vikiwa vimekaangwa. Nyumbani hakusema neno.

Jirani yao Bertilla, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja kumpima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pima upesi, nataka kwenda kupasuliwa."

Bertilla alitazama kipimo, akapima tena. "Baba, imepanda kuliko mwanzo."

"Hiyo mashine yako betri zimechoka."

"Unakula nini siku hizi?"

"Viazi hagusi kabisa!" Luciana alisema kwa fahari.

Hapo bajaji ikasimama uani. Lukmani akashuka kuchukua magunia yake.

"Shikamoo, mzee! Mbona leo hukuja? Sahani yako imepoa pale kibandani. Na chumvi nimemwaga mara mbili, kama unavyopenda."

Luciana alimtazama mumewe. Mzee akaanza kukagua gunia ambalo hakuliona vizuri.

"Baba Jenifa, chipsi zinatengenezwa kwa mihogo?"

"Wanga wake umekufa," Mzee alijibu kwa sauti ndogo.

Bertilla alijikaza asicheke. "Baba, mafuta hayaui wanga. Na kiazi hakina kosa. Kina madini ya potasiamu, yanayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Chumvi nyingi hufanya mwili ushike maji. Damu inasukuma mishipa kwa nguvu, presha inapanda. Mafuta mengi nayo yanaleta unene, na mishipa inaziba polepole."

"Kwa hiyo nile viazi?" Mzee aliuliza, uso umeng'aa.

"Vya kuchemsha, na maganda yake, chumvi kidogo sana. Lakini si sinia! Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo maharage. Robo iliyobaki viazi au ugali, si vyote viwili. Dawa usiache. Na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, maana potasiamu nyingi inaweza kumdhuru."

"Na mimi nimpoteze mteja wangu?" Lukmani alilalamika.

"Wewe nawe punguza mkono kwenye chumvi," Bertilla alimwambia. "Au unataka kuwamaliza wateja wako wote?"

Luciana alichemsha viazi jioni ileile. Mzee alinung'unika kwamba havina ladha, akala, akaomba vingine. Luciana akamwongezea mchicha. Mzee akaacha pia kukaa tu. Kila asubuhi alitembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi.

Baada ya miezi miwili presha ilikuwa imeshuka vizuri. Daktari akamfanyia upasuaji.

Bandeji ilipofunguliwa, Mzee Eustace alipepesa macho. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye mvi.

"Mama Jenifa! Mbona umezeeka hivi?"

"Ulidhani nitakusubiri?"

Mzee alitaka kucheka, akalia. Furaha ilikuwa imemzidi. Muuguzi alimwambia afumbe macho apumzike.

"Ngoja kwanza," alisema. "Bado namtazama."