Dawa ya Kwenye Kisahani

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia maabara ambako mama yake aliosha chupa. Alikaa kwenye stuli, akafanya hesabu zake, akamsubiri. Tangu babu aambiwe kuwa kidonda cha sikioni mwake ni saratani ya ngozi, msichana hakulia wala kucheka. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Babu alitakiwa kufanyiwa upasuaji Jumatano. "Mimi na kisu hatupatani, Bi Mkubwa," alimwambia mjukuu wake, maana ndivyo alivyozoea kumtania.

Jumatatu, mtafiti mwenye maabara alichungulia kisahani chini ya hadubini, akapiga makofi. "Mama, njoo uone! Dawa yetu ya majani imeua seli zote za saratani!"

Msichana alidaka neno moja tu: dawa. Mama alipompa kisogo, alichota unga wa majani yale, akautia mfukoni. Nyumbani aliukoroga kwa maji, akampaka babu.

Kesho yake kidonda kilikuwa kimefanya gamba jeusi. "Nimepona!" babu alishangilia. "Hospitali siendi ng'o!"

Msichana aliona ngozi ya pembeni imevimba na kuwa nyekundu. Hakuhisi furaha wala hofu. Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja maabara.

"Niliiba unga wenu, nikampaka babu," alisema kwa sauti kavu. "Sasa hataki kwenda hospitali."

Mama aliangusha chupa. Mtafiti alivua glavu, akaketi karibu na msichana.

"Mwanangu, kuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mende. Ukinywa dawa ya viatu utapona? Seli zile zilikuwa kwenye kisahani, na hata dawa ya mende ingeziua. Bado hatujui kama majani haya yatamponya mtu au yatamuunguza. Na chini ya gamba lile, saratani bado ipo."

Jioni hiyo msichana alimweleza babu kila kitu. Jumatano babu akaenda hospitali.

Alirudi na bendeji kubwa sikioni. Daktari alikuwa ameitoa saratani yote. Babu alimwita mjukuu wake, akamkalisha kando yake.

"Kupenda ulinipenda," alisema. "Lakini ulinipenda bila kuuliza, nusura unizike. Kilichoniponya ni ule ukweli ulioniambia."