Karatasi Niliyosema Nimeisoma

Ndugu zangu, uso wangu ulikuwa kwenye skrini kubwa... na watu karibu mia mbili walikuwa wananiangalia nikishindwa kusoma!

"Mi...mi... ni...na...so..."

Kwenye ile video kidole kimekwama chini ya neno. Jasho linanitoka.

Ilikuwa harambee, hapa Brooklyn Center, Marekani. Tulikuwa tunachangia kumalizia jengo la kituo chetu cha kujifunza kusoma, sisi Waafrika, Weusi wazaliwa wa hapa, Walatino, wote tuliokuwa tunasoma jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa, maji yakivuja ukutani.

Binti yangu Natasha alinigeukia.

"Mom... hujui kusoma?"

Miaka kumi na tisa nilimficha! Barua za shule zikija, nasema miwani imepotea. Darasa la Jumanne, nasema naenda maombi. Mungu anisamehe.

MC Gitonga akashika maiki.

"Mmemwona huyu mama? Kuna mtu bado amekalia wallet yake?"

Watu wakatokwa machozi. Watu wakatoa. Pesa za jengo zikatimia siku ile ile.

Mimi nikamfuata Velma.

Velma ni nesi, Mkenya, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Ndiye aliyenirekodi. Kila Jumanne alikuja kunichukua, na kabla hajaondoa gari tulishikana mikono tukaomba.

"Wewe ni Yuda!"

"Mama Natasha, ngoja kwanza. Si ile karatasi..."

"Karatasi gani? Umeniuza!"

"Lakini si ulisema ume..."

Akaangalia watu waliotuzunguka. Akanyamaza.

"Malizia!"

"Basi, mama. Nisamehe."

"Usinitaje tena kwenye maombi yako!"

Jumanne iliyofuata alipiga honi nje. Nikazima taa ya sebuleni.

Jumanne ya pili, honi tena. Sikutoka.

Jumanne ya tatu barabara zote zilikuwa barafu. Sikusikia honi. Nikasema moyoni, amechoka.

Hakuwa amechoka, jamani... Gari liliteleza likagonga nguzo ya daraja. Velma alifia hapo hapo, akija kwangu.

Siku ya nne baada ya ajali mume wake, Wanjala, aligonga mlango wangu. Mkononi ana daftari langu, lile la darasani, nililolisahau garini kwa Velma.

"Lilikuwa kwenye kiti cha mbele," akasema. "Mama, Velma alitaka wewe ndiye usome siku ya kufungua jengo. Ibada ya kumuaga itakuwa humo. Utasoma?"

"Nisome nini, baba? Mimi nilimtukana mbele za watu."

"Najua. Alinambia. Soma chochote."

Nikafungua daftari. Katikati kulikuwa na karatasi.

Imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa, Kiswahili. Nilikaa nayo karibu saa nzima, neno kwa neno:

"Mama Natasha, naomba kuonyesha video yako kwenye harambee, watu waone kwa nini tunahitaji darasa. Mwambie Natasha kwanza. Kama hutaki, usiweke sahihi. Sitakasirika hata kidogo."

Chini yake... sahihi yangu!

Nikakumbuka. Alinipa tukitoka darasani. Nilisoma maneno matatu, yakanishinda, nikaona aibu. Mwaka mzima ananifundisha!

"Umemaliza yote?"

"Nimesoma, mwalimu."

Alinikumbatia akirukaruka. "Ukurasa mzima! Bwana asifiwe!"

Ndiyo maana pale ukumbini alinyamaza. Angemaliza ile sentensi, watu wote wangejua kwamba nilidanganya. Alikubali kuitwa Yuda ili asinivue nguo mara ya pili.

Siku ya ibada nilisimama mbele. Jengo jipya, bado linanuka rangi. Nikamwambia Natasha:

"Nirekodi."

"Mama, are you sure?"

"Nirekodi, mwanangu."

Nikaifungua ile karatasi. Nikasoma polepole, nikikwama, nikirudia. Hakuna aliyecheka. Nilisoma mpaka kwenye sahihi yangu, na jina langu nikalisoma kwa sauti: Tumpe.

Halafu nikasema, "Niliweka sahihi bila kusoma. Velma hakuniuza."

Haya yote nimeyaandika mwenyewe, kwa wiki tatu. Wewe unayesoma, kama jambo hujalielewa, sema hujalielewa. Ni aibu ya dakika moja tu. Mimi niliikwepa ile dakika, na sasa kila Jumanne nawasha taa ya sebuleni mapema, nakaa dirishani, naomba peke yangu.