Ukucha Kwenye Ubao

"Jumamosi, Renita. Saa mbili asubuhi gari langu litakuwa mbele ya duka la mbegu. Ukiwepo, tunaondoka wote."

"Alonzo, ngoja kwanza karanga ziishe."

"Mwaka juzi uliniambia ningoje karanga ziishe, zikaisha. Mwaka jana zikaisha tena. Hebu niambie, kwenu mnapanda karanga gani zisizoisha?"

Renita alitaka kucheka, akashindwa. Walikuwa wamesimama nyuma ya banda la baba yake, kila mmoja akipuliza kwa pembe ya mdomo kufukuza usubi machoni, kama afanyavyo kila mtu wa mji wa Mabry kuanzia Machi hadi Novemba. Alonzo Grier alikuwa fundi wa matrekta. Sasa alikuwa amepata kazi ya kutengeneza winchi za bandari kule Savannah, mwendo wa saa nne kwa gari, na Jumatatu alitakiwa kuripoti.

"Kuna mwingine?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mwingine."

"Basi ni nini?"

Kabla hajajibu, sauti ya mzee ikatoka ndani ya banda.

"Renita! Bwana Sealy amefika na ndoo yake!"

"Nakuja, Baba!"

Alonzo akavaa kofia yake. "Naona. Ni ndoo," akasema, akaenda zake.

Kwa miaka thelathini, hakuna mkulima wa upande huo wa Georgia aliyeng'oa karanga kabla Mzee Lucious Battle hajasema ng'oa. Mkulima alileta ndoo ya karanga mbichi kutoka shambani. Zilipigwa maji ya kasi mpaka ngozi ya juu ya ganda itoke, kisha zikapangwa kwenye ubao mrefu uliopakwa rangi kwa mistari: nyeupe, njano, chungwa, kahawia, nyeusi. Karanga changa huonyesha njano, iliyokomaa huonyesha nyeusi. Mzee aliutazama ubao, akataja idadi ya siku. Ukiwahi, unavuna maganda matupu. Ukichelewa, mizizi inaachia na karanga zinabaki ardhini.

"Habari za kwako, Bi Renita," alisema Hoyt Sealy, mzungu mnene mwenye ekari nyingi na subira haba. "Hizi ni za shamba la kaskazini."

"Habari nzuri, Bwana Sealy. Baba, kaa, mgongo wako. Nitapanga mimi."

Akapanga. Mzee Lucious akainamia ubao, mikono nyuma. Renita alisimama kushoto kwake. Kwa ukucha wa kidole cha shahada akagonga ukingo wa ubao, taratibu, kama mtu mwenye mawazo yake.

Ka. Ka. Ka. Ka.

"Siku nne," akasema mzee.

"Nne," Hoyt akaandika kiganjani kwa kalamu. "Mungu akutunzie macho hayo, Bwana Lucious."

Misimu mitatu sasa. Ilianza siku Renita alipomwona baba yake akiweka karanga ya kahawia kwenye mstari wa nyeusi. Aliihamisha bila kusema neno. Kesho yake akaanza kugonga, na mzee akaanza kutaja siku kufuatana na ukucha. Hawakuwahi kulizungumza, si mezani wala kanisani. Mama alikuwa amefariki mwaka huo huo, na nyumba ile ilikuwa imezoea kunyamaza. Kwa hiyo Renita hakuwa na jibu la kumpa Alonzo. Angesema nini? Kwamba akiondoka, wiki hiyo hiyo mji mzima utajua baba yake haoni?

Ijumaa alikwenda kununua sahani mbili za kambare wa kukaanga kwa Bi Odessa, aliyeuza dirishani kwake na kutoa maoni bure.

"Alonzo anafungasha, nasikia."

"Ndivyo."

"Na wewe unanunua samaki."

"Baba lazima ale, Bi Odessa."

"Lucious ana miaka sabini na moja, anajua kula. Mwanangu, mwanaume si maharage, useme utamtia kwenye friza mpaka Krismasi. Nikuongezee mkate wa mahindi?"

"Niongezee."

"Angalau jambo moja umelikubali mwaka huu."

Jioni simu ikatetemeka mezani.

*Sitapiga simu, nisije nikakubembeleza. Saa mbili. Alonzo.*

Aliisoma mara nne. Baba yake alikuwa upande wa pili wa meza, akichambua miiba ya kambare kwa ncha za vidole, polepole sana.

"Nani huyo?"

"Si mtu, Baba."

"Si mtu anaandika sana siku hizi," akasema mzee, na akaendelea na samaki wake.

Jumamosi asubuhi Renita alitoka bila begi, lakini alitoka. Alonzo alipomwona akamfungulia mlango, naye akapanda. Redio ilikuwa ikisema kimbunga kilichokuwa kikizunguka baharini, kwenye Ghuba ya kusini, kimegeuka, na kwamba Jumanne kitapita juu yao.

"Umekuja," akasema Alonzo.

"Nimekuja kukueleza."

"Nieleze tukiwa njiani."

Akawasha gari, na hapo hapo simu ya Renita ikalia.

"Uko wapi, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya Bi Odessa, ikihema. "Hapo kwenu magari yamejaa. Hoyt Sealy kaleta ndoo ya shamba la bondeni, lile kubwa. Anataka kujua ang'oe leo kabla ya kimbunga au aache. Baba yako yuko peke yake na ule ubao, amesimama tu."

Renita akashika kitasa cha mlango.

"Ni baba?" Alonzo akauliza.

"Ni baba."

"Ukishuka kwenye gari hili, Renita, sitakuuliza tena. Nakwambia si kwa hasira. Nimechoka tu."

"Najua umechoka," akasema. Akashuka, akakimbia.

Ndani ya banda wakulima watano walikuwa wamemzunguka mzee. Karanga zilikuwa zimepangwa ovyo, kila mmoja akiwa ameziweka alivyodhani.

"Bwana Lucious, nakuomba," Hoyt alikuwa akisema. "Siku ngapi? Nikizing'oa leo zitalala juu ya udongo na mvua itazikuta. Nikiziacha na zimeshaiva, zitaachia zibaki ardhini. Nina mashine shambani zinawaka!"

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza. Upande huo hapakuwa na mtu.

Renita akapenya katikati yao. Akazipanga upya karanga. Njano zilikuwa nyingi, chungwa nyingi zaidi, nyeusi chache mno. Akaweka ukucha kwenye ukingo wa ubao.

Ka. Ka. Ka.

"Acha kugonga, mwanangu," akasema mzee.

Wakulima wakageuka.

"Baba..."

"Sema kwa mdomo. Wakusikie."

Mlangoni alikuwa amesimama Alonzo, ufunguo wa gari mkononi. Renita alimwona, kisha akawatazama wale wanaume watano.

"Siku nane," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia. "Siku nane, Bwana Sealy. Bado changa. Ziache ardhini, kimbunga kipite juu yake."

Hoyt akamgeukia mzee. "Ni kweli?"

"Unaniuliza mimi? Mimi sizioni, Hoyt. Misimu mitatu sijaona karanga hata moja. Naona pembeni, naona mlango, naona kofia yako mbaya. Katikati kuna doa. Siku zote nilizokupa zilikuwa zake."

Hoyt akamtazama Renita muda mrefu. Kisha akatoa kalamu, akaandika kiganjani.

"Nane," akasema, na akatoka akipiga kelele kwenye simu mashine zizimwe.

Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Renita akaketi kwenye ndoo tupu.

"Kwa nini umesema, Baba? Nilikulindia miaka yote hii!"

"Ulinilindia nini?"

"Jina lako! Nilidhani wakijua utakufa kwa aibu. Nimekaa hapa kwa sababu hiyo, Baba. Nimemkataa mtu mara tatu kwa sababu hiyo."

Mzee akapapasa hewa mpaka akalipata bega lake.

"Mimi nilidhani unaupenda ubao," akasema. "Ulipoanza kugonga nikasema, huyu ana jicho kuliko mimi, lakini Hoyt na wenzake hawatamsikiliza mwanamke. Basi nimwazime mdomo wangu. Kila mwaka nilitaka kuacha. Nikawa najiambia, nikiacha, nitamnyang'anya kazi yake."

Renita akamtazama. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili.

"Na mimi mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniambia?" Akalipapasa lile bega. "Nikikutazama usoni naona doa tu, Renita. Sikuweza kuona kama una furaha. Ilinipasa kuuliza. Hilo ni kosa langu."

Alonzo alikohoa mlangoni.

"Ingia, Alonzo," akasema mzee. "Wewe nimekuona tangu zamani. Uko pembeni."

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Huyu binti unamtaka bado?"

"Nilimwambia sitamuuliza tena, mzee."

"Basi usiulize," akasema Renita, akasimama. "Twende nikusindikize."

Garini Alonzo aliketi nyuma ya usukani, dirisha wazi. Renita alisimama nje. Akaweka ukucha kwenye mlango wa gari, akaanza kugonga taratibu. Alonzo akahesabu kwa midomo. Mzee Lucious, aliyekuwa amewafuata hadi kizingitini, akahesabu pia.

"Kumi na moja," akasema Alonzo.

"Kumi na mbili," akasema mzee kutoka mlangoni.

"Kumi na mbili," akasema Renita. "Nane za Bwana Sealy, na nne za kumfundisha yeye na wenzake kusoma ubao, maana ni wazito. Kisha nakuja, na begi langu. Nimesema kwa mdomo, Alonzo. Hukuniuliza."

Alonzo akaushika ule mkono uliokuwa mlangoni, akaubusu pale ukuchani.

Kimbunga kilipita Jumanne, kikang'oa mabati mawili ya banda. Hoyt Sealy aling'oa karanga zake siku ya nane, na kila ganda lilikuwa limejaa. Siku ya kumi na mbili Renita alipita nje ya banda na begi lake, akasikia sauti ndani.

"Hii ni kahawia au nyeusi, Bwana Lucious?"

"Unaniuliza mimi, Hoyt?"

Vicheko vikalipuka. Mguu wa Renita ulisita kidogo, kwa mazoea. Kisha ukaendelea.